Pistoni, brashi au chuma kinachoifuata sumaku: mota ipi ujenge?

Alikuja na injini yake ndani ya gunia la posho. Kijana kutoka Arua, ameshuka basi la usiku, na kabla hajanywa hata chai akaifungua juu ya benchi langu hapa Katwe, Kampala. Koili mbili alizosuka kwa mkono juu ya vipande vya bomba la plastiki, vyuma viwili vinavyoingia na kutoka kama pistoni, kranki aliyoing'oa kwenye pikipiki iliyokufa, na gurudumu la cherehani la kutunza mwendo. Akaunga betri ya volti 12, akasukuma gurudumu kwa kidole, nayo ikaanza: tak, tak, tak. Nilisimama nikaitazama kwa furaha ya kweli, maana najua ni usiku mingapi huliwa na kitu kama kile. Kisha akasema, "Mzee, nataka ifike kuendesha boda. Nikiongeza koili, si itafika?"

Tangu Kiira EV, gari la umeme la Chuo Kikuu cha Makerere, lionekane barabarani mwaka 2011, na zaidi tangu boda za umeme zianze kupita mbele ya karakana zetu, vijana wa namna hii wamekuwa wengi. Wana akili na wana mikono. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwawekea njia zote mezani kabla hawajamaliza akiba yao kwenye njia moja. Mimi nasuka mota, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nitazilinganisha kama mtu anayezifungua zikiwa zimeungua.

Nitazipima kwa mambo matatu. La kwanza ni pengo la hewa kati ya sumaku-umeme na chuma inachokivuta. La pili ni nani anayewasha na kuzima mkondo: brashi, elektroniki, au umeme wa gridi wenyewe. La tatu ni joto. Bei nitaitaja pale tu inapobadilisha uamuzi.

Injini ya pistoni na koili

Hii ndiyo wengi huanza nayo, kwa sababu inafanana na injini ya pikipiki tuliyoizoea. Koili inavuta chuma, chuma kinavuta kranki, mkondo unakatwa, gurudumu linarudisha chuma nje, mkondo unawashwa tena. Kuijenga ni kazi ya siku chache, na kila kitu unakiona kwa macho.

Sasa hesabu. Chukua koili ya raundi 1000 za waya wa milimita 0.8. Hiyo ni karibu mita 100 za waya, shaba ya kama nusu kilo. Ipe ampia 2, na chuma chake kiwe na uso wa sentimita mraba 4. Kwenye karatasi, ukipuuza sumaku inayovuja pembeni, chuma kikiwa umbali wa sentimita 2 kinavutwa kwa nguvu ya robo kilo. Kikiwa sentimita 1, kilo moja. Kwenye milimita 4, kilo 6 na kitu. Kwenye milimita 2, kilo 25. Pengo likipungua kwa nusu, mvuto unakuwa mara nne, mpaka chuma kishibe sumaku na kisiweze kubeba zaidi.

Kwa hiyo safari karibu yote ya pistoni inapita mahali ambapo sumaku ni dhaifu, na nguvu inakuja mwishoni kabisa, pale kranki iko karibu kunyooka na haiwezi kuigeuza nguvu hiyo kuwa mzunguko. Ukijumlisha kazi yote ya mvuto mmoja, kuanzia sentimita 2 hadi milimita 2, unapata karibu nusu ya juli. Mivuto kumi kwa sekunde, yaani mizunguko 600 kwa dakika, ni wati nne na nusu. Wakati huohuo koili ile inachoma wati 13 na zaidi kila inapowashwa, zote zikiwa joto.

Nilimwandikia kijana hesabu ya boda pembeni ya karatasi hiyohiyo. Pikipiki, dereva na abiria wawe kilo 250. Kilima kinapanda mita 5 kwa kila mita 100, mwendo kilomita 30 kwa saa. Zinahitajika wati kama 1000, na upepo bado hatujauhesabu. Ukigawanya kwa wati nne na nusu, unahitaji koili 220 zenye kilo 100 za shaba. Hilo ndilo jibu la "nikiongeza koili".

Kuna jambo la pili ambalo halionekani mpaka uongeze mwendo. Koili haijai mkondo papo hapo. Ile ya mfano wetu, chuma kikiwa kwenye milimita 4, inachukua karibu milisekunde 37 kufika theluthi mbili tu ya mkondo wake. Injini ikizunguka mara 1000 kwa dakika, nusu mzunguko mzima ni milisekunde 30. Kabla mkondo haujapanda, zamu imekwisha. Kuukata nako ni shida nyingine: nishati iliyomo ndani ya koili inatoka kama cheche, na swichi inaungua. Utaweka dayodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, cheche zitakoma, lakini sasa mkondo unachelewa kufa, na sumaku iliyobaki inakishika chuma kikiwa njiani kurudi. Kijana alinionyesha swichi yake, kipande cha shaba kilichokatwa kwenye terminali ya betri. Ncha yake ilikuwa nyeusi na imelika kama jino bovu.

Wakubwa wa kazi hii walikwama mahali hapohapo. Mwaka 1851 Charles Grafton Page, Mmarekani aliyepewa na bunge la nchi yake dola 20,000, aliendesha gari moshi la sumaku-umeme kutoka Washington kwenda Bladensburg. Lilikuwa na koili kubwa zinazovuta vyuma huku na huku, kama pistoni. Lilifika kilomita 30 kwa saa, lakini betri zake zilipasuka kwa mtikisiko na insulesheni ya koili ikashindwa njiani. Njia ile haikuendelea. Ijenge wiki moja ili vidole vyako vijue sumaku-umeme ni nini, iweke darasani, onyesha watoto. Usiikopee pesa.

Mota ya brashi

Hapa pengo ni dogo na halibadiliki, milimita moja au chini yake, kwa sababu rota, sehemu inayozunguka, iko ndani ya stata, sehemu iliyokaa, badala ya kuingia na kutoka. Mabadiliko hayo peke yake yanafuta nusu ya matatizo ya pistoni. Brashi za kaboni zinagusa vipande vya shaba vya komyuteta, pete inayozunguka na rota, na rota yenyewe inajiwashia koili inayofaa kwa wakati unaofaa. Hakuna elektroniki. Thomas Davenport, mhunzi wa Vermont, alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1837 kwa mota ya aina hii, na ukifungua mota ya waipa leo bado utamtambua.

Nguvu yake kubwa ni kuanza na mzigo. Staata ya gari inageuza injini nzito iliyolala baridi usiku kucha, na ndani yake hakuna kingine ila koili, chuma na brashi. Aina yenye koili pande zote mbili, stata na rota, haihitaji sumaku ya kudumu hata moja, na inakubali betri na gridi pia. Ndiyo iliyo ndani ya blenda na drili. Ila ile iliyoungwa kwa mfululizo usiiache izunguke bila mzigo, itakimbia mpaka waya za rota zitoke nje.

Ubaya wake ni brashi zenyewe. Zinalika, zinatoa unga mweusi unaoingia kila mahali, zinatoa cheche. Kwa mtu anayejifunza, huu ni ubaya unaofundisha. Nenda soko la Kisekka ununue mota ya waipa iliyochakaa, ifungue, ng'oa waya wa rota huku ukihesabu raundi, kisha isuke upya kwa mkono wako. Ikizunguka, umejifunza zaidi kuliko miezi mitatu ya kuangalia video.

Mota ya indaksheni

Nitaipita haraka, si kwa kuwa ni mbaya. Ni kwa kuwa ni nzuri mno kiasi kwamba hakuna sababu ya wewe kuibuni upya. Ndiyo inayosaga mahindi Kisenyi kuanzia asubuhi hadi usiku. Haina brashi wala sumaku ya kudumu. Umeme wa gridi unaobadilika mara 50 kwa sekunde ndio unaozungusha sumaku ya stata, na rota inaifuata ikichelewa kidogo: yenye nguzo nne za sumaku ingezunguka mara 1500 kwa dakika kama isingechelewa, na kibandiko chake kitakuambia 1440 hivi. Tesla na Ferraris waliionyesha dunia miaka ya 1880, na mwaka 1889 Dolivo-Dobrovolsky akaipa fezi tatu, yaani mikondo mitatu inayopokezana zamu, na rota ya kizimba tunayoitumia mpaka leo.

Rota hiyo humiminwa kwa alumini ndani ya bati jembamba zilizopangwa, na kuipata sawasawa mtaani ni kazi ngumu. Inunue. Pale ambapo unaweza kuongeza akili yako ni kwenye kuisuka upya kwa ajili ya mahali inapokwenda. Mwisho wa laini huko kijijini volti 240 hufika zikiwa 200, na nguvu ya mota hii hushuka kwa mraba wa volti: zinabaki asilimia 69 tu za nguvu ya kuanzia. Mota inasimama ikiunguruma, inavuta ampia mara tano au zaidi ya kawaida, inaungua. Nimeletewa nyingi za namna hiyo. Moja ilikuwa imesukwa na fundi mwingine kwa waya mwembamba kuliko wa asili, raundi sawa, ili abaki na shaba. Mwenye mashine alikuwa mama anayesaga kwa mkopo. Jambo hilo bado linaniuma.

Mota isiyo na brashi, yenye sumaku za kudumu

Hii ndiyo iliyo katika gurudumu la boda ya umeme. Geuza fikra ya mota ya brashi: sumaku zinazunguka, koili zimekaa, na kontrola inawasha koili kwa zamu ikisaidiwa na vihisi vitatu vinavyoisomea sumaku imefika wapi. Sumaku za neodimi, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Japani na Marekani, zinatoa bure ule usumaku ambao koili ingeulipia kwa joto. Kwa hiyo ni nyepesi, haipotezi umeme mwingi, na kwa kazi ya betri ni vigumu kuipiku.

Lakini mwangalie adui yake. Neodimi ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu ikizidi nyuzi 80, na haizirudishi ikipoa. Niliwahi kufungua mota ya gurudumu ambayo mwenye boda alikuwa amekwisha kuibadilishia betri mara mbili kwa sababu "haina pumzi". Koili zilikuwa nzima na betri zilikuwa nzima. Sumaku ndizo zilizochoka: nilitumia kipande cha bati kulinganisha, na zilikivuta kivivu, kama mtoto mwenye homa. Alikuwa akibeba magunia ya viazi kupanda vilima, na hakuna aliyemwambia kwamba mota hii haiombi maji kama rejeta, inakufa kimya.

Kama unataka kutengeneza kitu cha kuuza mwaka huu, pampu ya maji ya jua au baiskeli ya mizigo, chagua hii. Nunua mota, nunua kontrola, weka ubunifu wako kwenye gia, fremu, na namna ya kupoza. Ila tambua kwamba moyo wa mashine yako unatoka nje, na sumaku ikichoka mtaani hutaweza kuitengeneza.

Mota ya relaktansi: chuma kinachofuata sumaku

Hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo niliyomshauri kijana.

Rudi kwenye injini yake ya pistoni. Wazo lake ni kwamba koili inavuta chuma tupu, bila sumaku ya kudumu. Wazo hilo halina kosa. Kosa liko kwenye mwelekeo: chuma kinakuja moja kwa moja kuelekea sumaku, kwa hiyo pengo linakuwa kubwa safari nzima. Sasa kifanye chuma kipite pembeni. Weka meno ya chuma kwenye rota, weka koili kwenye meno ya stata, na uache pengo la milimita nusu kati yao. Koili ikiwashwa, jino la rota lililo karibu linajivuta mpaka likae uso kwa uso nayo. Kabla halijafika, zima hiyo, washa inayofuata. Rota haina waya, sumaku wala brashi. Ni chuma chenye meno.

Angalia pengo linavyobadilisha hesabu. Kwa milimita nusu, ili kufikisha chuma karibu na kushiba, kila pengo linataka raundi-ampia (raundi mara ampia) kama 600, pale ambapo pistoni ilipewa 2000 na ikatoka na wati nne na nusu. Koili ileile kwa ampia 0.6 inachoma wati moja na kitu badala ya 13. Na stata yenye meno sita na rota yenye meno manne inatoa mivuto 12 katika mzunguko mmoja, si mmoja.

Nayo si ngeni. Robert Davidson wa Scotland aliijenga mwaka 1842, vipande vya chuma juu ya ngoma za mbao, sumaku-umeme zikivivuta kwa zamu, akaijaribu kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow. Ilikwenda kama kilomita 6 kwa saa. Ilikuwa sahihi kuliko ya Page iliyokuja baadaye, ila ilikosa kitu kimoja ambacho hakikuwapo duniani: swichi ya kukata mkondo mara mamia kwa sekunde bila kuungua. Leo swichi hiyo ni mosfeti inayong'olewa kwenye inveta iliyoharibika.

Kila fezi, yaani koili zinazowashwa pamoja, inataka mosfeti mbili na dayodi mbili. Ukizima zote mbili kwa pamoja, nishati iliyobaki kwenye koili inarudi kwenye betri, na mkondo unakufa upesi. Lile tatizo la kijana la chuma kushikwa kikirudi linaondoka, na cheche zake zinakuwa chaji. Kwa kujua rota iko wapi, bati ya duara yenye matundu na vihisi vitatu vya mwanga inatosha, na Arduino moja, kompyuta ndogo ya bodi moja, ya kupanga zamu.

Ubaya wake upo na ni wa kweli. Inapiga kelele, inanguruma, kwa kuwa kila mvuto unaipinda stata kidogo. Nguvu yake inakuja kwa migongo, si laini. Bila elektroniki haizunguki hata kidogo. Na pengo la milimita nusu halina huruma: beringi ikilegea, meno yanagusana. Tena meno yasiwe chuma kizima, kwa sababu chuma kizima hujipikia mikondo ya ndani na kuchemka. Tumia bati za transfoma iliyoungua, za milimita 0.35 au 0.5, zikiwa na ngozi yake ya insulesheni.

Lakini tazama kila kilichotajwa hapo: bati, shaba, vanishi, beringi, mosfeti, kerezo. Vyote viko umbali wa kutembea kutoka Katwe. Ikiungua, anayeisuka ni mimi au mtu kama mimi. Joto la nyuzi 100 haliiui, maana hakuna sumaku ya kuchoka. Na kwa kuwa umbo la meno na zamu za kuwasha bado lina nafasi ya kuboreshwa kwa kazi moja mahususi, hapa ndipo mtu anaweza kubuni kitu kipya kweli na kukipeleka ofisi ya usajili, URSB, kuombea ulinzi. Mkazo wangu: apeleke kabla hajaionyesha hadharani.

Kabla ya kuchagua

Wapo wanaokuja na mota inayozungusha jenereta, jenereta inaichaji betri, betri inaiendesha mota, na wanaomba niwasaidie "kupunguza msuguano kidogo tu". Nawajibu kwa upole lakini bila kuzungukazunguka: mota yoyote ikizunguka inazaa volti inayopinga betri, na kadiri unavyoitoza kazi ndivyo inavyovuta ampia zaidi. Aina zote tano hapo juu zinatii hilo. Nimeona mtu akiuza shamba kwa ajili ya mzunguko huo.

Na usiamini neno "ina nguvu" mpaka uipime. Funga puli kwenye shafti, pitisha kamba juu yake, upande mmoja mizani ya springi, upande mwingine uzito. Puli ya nusu kipenyo sentimita 5, tofauti ya kilo 2, mizunguko 600 kwa dakika: hizo ni wati kama 60. Pima pia volti na ampia zinazoingia. Namba hizo mbili kwa pamoja ndizo zitakazokuambia kama unapika chai au unaendesha mashine.

Tulifanya hivyo na injini ya kijana. Ilitoa chini ya wati 2, na baada ya dakika tano koili ya kushoto ikaanza kunuka vanishi. Hakukasirika. Aliuliza bati za transfoma zinapatikana kwa nani.

Rota yake ya kwanza, meno manne, iko kwa fundi wa kerezo tangu Jumatatu. Tumeomba pengo la milimita 0.4. Fundi anasema kwa beringi tulizompelekea anaweza kuahidi 0.6, na tukitaka ndogo zaidi tumletee mpya. Kijana amekwenda Kisekka kuzitafuta.